Mara Mbili kwa Kiganja

Kiti cha nyuma ni changu, magurudumu mawili mapajani.
Mbele yangu ni kisogo cha Yannig Kerbrat,
kisogo ninachokijua, mwaka wa kumi na tisa huu,
kuliko uso wa mke wangu.

Alikuwa mbeba maji.
Usimtafute kwenye orodha za washindi, utachoka bure.
Alishuka nyuma ya msafara hadi garini,
akajaza chupa tisa mifukoni, kifuani, shingoni ndani ya jezi,
akapanda tena na nundu kama fahali,
akiwapita wanaume mia na thelathini
ili mwenzake asikaukwe koo.
Misimu kumi na mmoja.
Mfupa wa bega ulivunjika mara nne,
na kila ulipounga ulirudi mfupi kidogo;
hata leo koti humning'inia upande.

Siku moja tu, kwenye mlima wa Aubisque,
ukungu, kondoo barabarani,
alijikuta mbele peke yake.
Enzi hizo hakukuwa na redio masikioni.
Gari lilikuja ubavuni, kioo kikashuka,
na Bwana Hourcade, meneja wa wakati ule,
hakusema neno.
Alipiga mlango kwa kiganja, mara mbili.
Pa. Pa.
Kila mtu timuni alijua maana yake: simama, msubiri nahodha.
Yannig akaweka mguu chini
akasubiri dakika mbili na sekunde arobaini
kondoo wakimtazama.
Nahodha alipofika hakumsalimu.
Alichukua chupa.

Haya aliniambia mara moja tu, kituo cha mafuta, Quimper,
huku akikunja risiti.
Sikuuliza zaidi. Kidonda cha mtu hakichokonolewi.

Sasa yeye ndiye bwana.
Anajua bei ya ndizi kwa kreti,
anajua bima, mishahara, hoteli zenye vitanda vifupi,
anajua kumbembeleza mwenye kiwanda cha milango
ambaye jina lake limeandikwa vifuani mwetu
na ambaye hupiga simu kila tunapokaribia kilele.

Leo Titouan yuko mbele.
Miaka ishirini na mmoja, mtoto wa muuza nyama wa Loudéac,
anapanda kama aliyeambiwa nyumba yao inaungua huko juu.
Nyuma, nahodha wetu kapata pancha.
Simu ikalia.
"Ndiyo," alisema Yannig. "Ndiyo, bwana. Naelewa."
Akabonyeza redio.
"Titouan. Miguu ikoje?"
"Mizuri, bosi! Zimebaki kilomita nne! Naweza!"

Kimya. Wipa zikaenda, zikarudi.
Nikajiambia: aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo,
huyu hatamtilia mtoto sumu ile ile.
Kisha nikaona mkono wake wa kushoto
ukitoka dirishani, kwenye mvua,
ukashuka.
Pa. Pa.

Mtoto alikuwa mita mia mbili mbele, asingeweza kusikia.
Nadhani hata Yannig hakujua kama amepiga.
Ndipo akasema redioni,
kwa sauti ileile anayoagizia ndizi:
"Simama. Msubiri."

Usiku Titouan alilia chakula chake chumbani, mlango kaufunga.
Tulikuwa wa nne kwa jumla;
mwenye milango alituma shampeni, ikabaki na kizibo chake.
Nikatoka kwenda larini kuosha baiskeli
nikamkuta bosi kanitangulia,
mikono ya shati kaikunja,
bega fupi chini ya taa,
anasugua mnyororo wa mtoto kwa mswaki
pingili kwa pingili.

Kazi hiyo ni yangu. Nikamwachia.
Alipomaliza akalizungusha gurudumu la nyuma hewani
tukalisikiliza wote wawili
mpaka likasimama
lenyewe.