Bila Hodi

Umeme umekatika Newala saa mbili na robo,
kompyuta ikiwa hatua ya elfu sita
kati ya hatua elfu kumi.
Nimewasha kibatari, nimerudi kwenye daftari.

Leza yenyewe hapa haipo.
Ya kuibangua atomu, hata mkoani sijaisikia.
Kata sekunde vipande milioni,
kila kipande kikate tena bilioni:
safari nzima ya elektroni haitimizi viwili.
Mimi nina penseli, na sheria ya kidato cha tatu:
kani ni tungamo mara mchapuko.

Mama anabangua korosho za kula nyumbani,
majivu viganjani, mafuta ya ganda yasimuunguze.
Pigo moja, la kipimo:
likizidi, kokwa inavunjika;
likipungua, ganda linakucheka.

Ndivyo na mwanga, nikamwambia.
Unauinamisha ukuta wa atomu, ukuta unakonda,
elektroni inapenya (hairuki, inapenya)
inajikuta nje, kasi sifuri,
kama abiria aliyeshushwa Masasi usiku
hajui basi limeelekea wapi.
Na mwanga hausukumi upande mmoja.
Unasukuma, unavuta, unasukuma.
Iliyotoka kabla ya kilele cha wimbi
huenda moja kwa moja.
Iliyotoka baada ya kilele hurudi,
na iliyochelewa nyuzi kumi na saba na ushei
hurudi na nguvu kuliko zote:
tatu nukta moja saba.
Nimeipata namba hiyo mara nne kwa mkono,
nimeipigia mstari, isije ikatoroka.

"Ikirudi, hupiga hodi?"
Haipigi, mama. Inaingia tu, kiini kinaipokea,
na yote iliyookota njiani inayatema
yakawa mwali usioonekana kwa macho.
"Basi hiyo ndiyo hodi."

Jiwe likagonga ganda. Likagonga jingine.
"Na hizo zilizowahi?"

Nikajua hatusemi tena elektroni.
Kaka Mchopa alivuka Ruvuma
siku mbili kabla ya mnada,
mwaka ule bei ilipopanda hadi watu wakanunua pikipiki.
Alikuwa na haraka. Hakuacha namba.

Nikalifungua daftari ukurasa wa kwanza.
Hapo, mstari wa tatu, kwa mwandiko wangu:
*ikishatoka, kiini tukichukulie kama hakipo.*
Kila mtu hufanya hivyo. Hesabu huwa nyepesi.

Si kweli lakini, nikasema. Kiini kinavuta.
Ukiurudisha mvuto huo, njia zinapinda,
na chache katika zilizowahi
nazo hugeuka, zimechelewa, zimezunguka.

"Kinavuta mpaka wapi?"
Unapungua kwa mraba wa umbali.
Haufiki sifuri.

Akapangusa majivu, akanisogezea sahani
ya zile zilizovunjika, ambazo haziuzwi.
"Sasa uliuacha wa nini?"

Nikaufuta mstari wa tatu.
Karatasi ikachanika kidogo.