Sampuli Nambari 212

Alikuja Jumatano, siku ya Seneti,
magari yamejaa hadi kwenye maua.
Askari wa lango akamuuliza ana miadi na nani.
"Na udongo," akasema Nabwile Sitati,
akainua mkebe wa mafuta ya kupikia
uliofungwa mdomo kwa kipande cha leso.

Mimi ndiye mwisho wa mchoro ule
unaoning'inia nje ya ofisi ya Msajili:
juu kabisa Chansela, peke yake kwenye kisanduku,
kisha Baraza, kisha Naibu Chansela na wasaidizi wake,
vitivo saba, idara, vitengo,
mistari ikishuka kama mizizi ya muhogo
hadi fundi wa maabara ya udongo, daraja la sita.
Mchoraji hakuacha nafasi chini yangu.
Chini yangu ni sakafu,
na chini ya sakafu ni shamba la babake Nabwile.

Anaikumbuka siku ile; alikuwa mapengo mdomoni.
Fahali wawili walichinjwa. Karani alitoka Bungoma mjini
na kidau cha wino wa zambarau,
wazee wakapanga foleni kuchovya vidole gumba.
Ekari mia tatu na nne, bure,
kwa ahadi ya mambo matatu:
watoto wafundishwe,
mashamba yachunguzwe,
na kitakachogunduliwa kirudi nyumbani kwa miguu.
Hayo ya mwisho yalikuwa maneno ya babake.
Nimeiona hati. Imeandikwa "huduma kwa jamii".
Miguu waliikata.

La kwanza tumelitimiza, siwezi kusema uongo.
Mimi mwenyewe niliingia hapa na sanduku la bati
na godoro la kuazima.
La pili pia. Daktari Khaoya anazijua kuvu zote za mahindi kwa majina,
maandishi yake yanasomwa hadi Uholanzi,
na dirishani pake, ukirusha jiwe,
litaanguka kwenye mtama wa Nabwile
ambako kayongo imechanua, nzuri, ya zambarau,
ikinyonya.
La tatu lina gari.
Gari lina mwongozo, mwongozo una kamati,
kamati haina petroli.

"Pima huu," akasema. "Kisha upime wa ng'ambo ya ua.
Nataka kujua kama bado ni ndugu."

Kuna ada, kuna risiti, kuna fomu ya nakala tatu.
Penye "mteja" nikaandika: mwenye shamba.
Sikusema lipi.

Nikakausha, nikachekecha, nikatia maji, nikatikisa.
Wake ulisoma nne nukta nane,
asidi ya kuunguza mzizi ungali mchanga.
Wetu, hatua thelathini kutoka pale, sita nukta moja.
"Ni ndugu," nikamwambia. "Ila mmoja amekuwa akila."
"Akila nini?"
"Chokaa."
"Mmejua tangu lini?"

Kabatini kuna ripoti, mafungu kwa mafungu,
zimefungwa kwa kamba ya katani.
Ya juu ni ya mwaka niliozaliwa.
Sikumjibu. Nilikuwa nimesahau kuizima mashine,
ikaendelea kutikisa chupa tupu.

Saa kumi na moja nilijitwika nusu gunia
kutoka stoo ya majaribio. Yeye alitangulia na mkebe wake.
Seneti nao walikuwa wakitoka,
wakibishana bado kuhusu Dira na Dhamira,
neno "kufikia" lije kabla ya "kubuni" au baada.
Mmoja alinisalimia kwa jina la mwingine.

Langoni kuna daftari.
Bidhaa: chokaa. Usafiri: miguu.
Sababu ya kutoka: jambo la tatu.
Askari akasoma, akakuna kisogo,
akagonga kalamu kwenye safu ya mwisho.
"Na hapa? Nani ameidhinisha?"

Nabwile akauliza kama kuna wino.
Ulikuwepo, ule wa muhuri. Wa buluu safari hii.
Akachovya kidole gumba,
akakibonyeza polepole, akakizungusha,
kama mtu aliyeonyeshwa jinsi ya kufanya hivyo zamani sana.