Birika, Kaharabu na Sweta la Ugnius

Mwalimu wa sayansi alipiga simu alfajiri,
sauti imemkauka kwa mafua:
"Nijolė, nishikie darasa la tatu. Saa moja tu."
Mimi ni mpishi wa shule. Najua viazi, najua kabichi,
najua mtoto yupi huficha karoti mfukoni.
Umeme naujua kwenye bili.

Ila nimezaliwa hapa hapa, Juodkrantė,
na marehemu baba, kila tufani ilipotulia,
aliingia Baltiki na wavu, maji ya kiunoni,
akivua mwani, na ndani ya mwani, kaharabu:
utomvu wa misonobari iliyoanguka
kabla hajazaliwa wa kuikata.
Jiwe lisilo jiwe. Ukilishika halina baridi ya jiwe.

Nikaivua shingoni, ukubwa wa jino la farasi.
"Chaneni karatasi," nikawaambia, "vidogo,
vidogo kuliko kucha ya paka."
Watoto tisa wakachana. Meza ikawa theluji.

Smiltė akasugua kwanza, kwa shati lake la pamba.
Tukainama. Tukabana pumzi.
Hakuna.
Vakaris akasugua kwa koti jipya, lile la zipu tatu.
Karatasi moja ikajikuna, ikalala tena.
"Bi Nijolė, mbona limekufa?"

Hapo ndipo nikalisikia birika langu.
Nilikuja nalo darasani, maana mpishi ni mpishi,
nalo lilikuwa likichemka pembeni, mvuke umetanda,
vioo vya madirisha vinatoka jasho.
Nikakumbuka: baba alinichezea mchezo huu
usiku wa baridi kavu tu,
kamwe si siku ya kufua.

"Mwizi ni mimi," nikasema. "Maji yaliyomo hewani
yanaiba chaji kabla haijakusanyika."
Nikazima birika, nikafungua mlango.
Baridi ikaingia bila hodi.
Watoto wakarukaruka, wakapiga miguu,
pua nyekundu, vicheko vyeupe,
hadi vioo vikakauka. Tukafunga. Jiko likatupasha.

Sasa ilitakiwa sufu.
Macho yote yakaenda kwa Ugnius,
kwenye sweta la hudhurungi alilofumiwa na bibi yake
kwa manyoya ya kondoo wao wenyewe,
lile ambalo tangu Oktoba hulificha chini ya dawati
kwa sababu wenzake humwita Mee.
Sikumwomba. Alilichukua mwenyewe, akalivaa,
akanyoosha mkono wa sweta, akasugua.
Ishirini. Thelathini.

Karatasi hazikungoja kuguswa.
Moja ilisimama kwa ncha, ikayumba, ikaruka.
Kisha nyingine. Kisha zote, kaharabu ikaota ndevu.
Kelele zilizopigwa zilimleta mfagizi.

Nikawaeleza nilivyojua: kwamba katika kila kitu
mna chembe ndogo mno, nyingine zapenda kuhama;
sufu imezitoa, kaharabu imezipokea,
na mwenye ziada hatulii, lazima aite.

Kotryna, ambaye maneno yake kwa wiki yanahesabika,
akanyoosha kidole: "Na ile mbona imeondoka?"
Kweli. Karatasi moja ilishika, ikatulia,
halafu ikajirusha mbali kama iliyotukanwa.
"Sijui," nikasema. Nikaandika swali ubaoni
kwa herufi kubwa, jina lake chini yake.

Jioni mwalimu alinijibu kati ya kikohozi na kikohozi:
iliposhika ilipewa nayo chaji ile ile,
na chaji mbili za aina moja ni mafahali wawili,
zizi haliwatoshi.

Asubuhi Ugnius alikuja jikoni, amelivaa.
"Jana nilizima taa nikalivua. Lilinong'ona.
Halafu likawaka. Vicheche. Buluu."
"Na bibi?"
"Alikuwa mlangoni. Akasema,
miezi yote hii nakwambia livae."

Nikampakulia. Nikamwongezea kiazi.