Shubiri ya Nani

Beseni la kwanza nilijaza mpaka ukingoni,
mabua ya mpunga wa Mabogini, yamechemshwa, yamepoa.
Nikasema, kingi hakidhuru.
Siku ya tano nikapenyeza kidole katikati:
moto. Harufu ya mbege iliyolala.
Mbegu ya elfu nane imeivia humo humo.

La pili nikalitandaza kama mkeka,
vidole viwili, basi.
Upepo wa Pasua ukapita chini ya mlango,
likakauka ukoko.

Aikande wa nyumba ya pili akacheka:
"Shubiri moja tu, wewe."

Shubiri ya nani?
Yeye kapura maharage tangu utoto,
mimi mkono wangu ni wa kushona vifungo.
Tukaweka viganja mezani, penye makombo ya chai:
futuri yake ndiyo shubiri yangu.

Nikachagua yangu.
Chumba changu, joto langu,
hasara nayo ingekuwa yangu.

Leo kabla ya adhana nimefunua nailoni.
Utando mweupe umefika chini,
na pembeni, sikuvigusa,
vichwa vitatu
vidogo kuliko vifungo vya shati la mtoto.

Sijamwambia Aikande.