Kisiki cha Shinyalu

Mkaratusi tuliwauzia watu wa nguzo za stima,
karo ya Khasandi ikapatikana.
Kisiki kikabaki. Nilikipiga vita:
chumvi, mafuta taa, tairi lililowaka siku mbili.
Kuku wakakifanya kiti cha enzi.

Jumapili ya Majilio katekista Shitakwa
akatusomea ukoo wa Yese,
ufalme uliokatwa hata ukabaki gutu,
na nabii akililinda kwa maneno matupu.
Nikanong'ona: huyo hakujua chumvi.

Leo, baada ya mvua, nimeinama kuokota yai
nikakuta kidole chekundu, laini,
kimetoboa mkaa.

Mfalme gani huja hivi,
bila tarumbeta,
akinukia dawa ya kifua?

Panga ninalo.
Nimechukua yai tu.