Kifungo cha Tatu

Ulimi hauna mfupa, ndivyo tunavyousamehe.
Kidole changu kina mifupa mitatu,
nimeihesabu,
na yote mitatu ilikubali

usiku ule Jesenice, theluji ikiangukia kiwanda cha chuma,
glasi ya pili ya brandi ya plamu mkononi,
mnada umebakiza sekunde kumi na moja.
Kodiani ya vifungo, mbao ya mcheri,
ndugu ya ile aliyoiuza baba mwaka tanuri lilipozimwa.
Mimi, na mtu aliyejiita Mlinzi wa Drava.
Yeye mia mbili na tisini. Mimi mia tatu.
Yeye mia tatu na kumi. Mimi mia tatu na arobaini,
na hapo baba alikuwa ameshatoka kichwani,
nilitaka tu Mlinzi ashindwe.

Kisha skrini ikanipongeza.
Nikaifungua akaunti ya benki
kama mtu anayefunua sufuria
huku pua imeshamwambia imeungua.

Asubuhi nilikuwa na barua tatu za uongo.
Ya kwanza: mtoto alibonyeza. Sina mtoto.
Ya pili: nimeibiwa nywila.
Ya tatu ilikuwa kimya,
nijifanye nimekufa mpaka wanisahau.
Nilikuwa naipamba ile ya pili
ujumbe ulipoingia kutoka Ptuj:

"Bibi Bernarda, hongera. Nimeifunga kwa shati la baridi la marehemu,
hizi plastiki za mapovu siziamini.
Chukua muda wako. Zofka Hribernik."

Chukua muda wako!
Angenitukana ningepata pa kushika.

Dau si mkono wa kupunga ukipita.
Ukilitia umemwambia mwenye mali: acha kutafuta.
Umewaambia wengine: nendeni mkalale.
Nao wanakwenda. Mtu fulani alizima kompyuta usiku ule
akalala bila kodiani, kwa ajili ya neno langu.
Unabonyeza kifungo, unaingia kifungoni.
Nikauza baiskeli.

Treni hadi Ljubljana, nyingine hadi Pragersko,
ya tatu fupi kama ya kuchezea, noti zimo kwenye soksi.
Mlango ulifunguliwa na mjukuu, Tilen,
kijana wa miaka kumi na tisa hivi,
fulana ya klabu ya makasia,
na kifuani, kwa herufi za bluu, Mlinzi wa Drava.

Nilisoma kifua chake. Akasoma uso wangu.
Masikio yakamwiva kuliko pilipili zilizoanikwa nyuma yake.

Ningeweza kusema. Bibi alikuwa jikoni, maji yanachemka.
Kupandisha bei ya mali ya kwenu kwa jina la kubuni
ni kula kwenye sahani ya mgeni kabla hajanawa.
Ningeweza kusema hivyo, na vizuri.
Lakini barua ya pili, nusu yake,
ilikuwa bado kwenye simu, mfukoni mwangu.

Nikahesabu noti mezani, zote,
polepole, kila moja impitie Tilen machoni.
Bi Zofka alisema nina mkono mwaminifu.
Hakuna aliyemjibu.

Kituoni alinifikia akihema. Bahasha.
"Sabini. Zingine mwezi ujao. Bibi hajui."
Sikumuuliza mwezi ujao wa mwaka gani.
Nilizichukua.

Maelezo ya mnada yalisema wazi, mstari wa nne,
nami sikuufika kwa haraka ya kushinda:
kifungo cha tatu, upande wa kulia, hakitoi sauti.
Sina wa kumdai.
Kila polka ninayoipiga ina shimo,
na vidole vikifika pale
nafungua mdomo,
naitoa ile noti mwenyewe.