Maji ya Mtaro

Miezi saba kidonda cha Badri mwokaji
kimekataa kufumba mdomo.
Vidonge vya njano, vya waridi, sindano za bei ya ng'ombe:
vijidudu vimezoea vyote kama chai ya asubuhi.

Lamzira hakumwahidi kitu.
Alivaa mabuti, akashuka hadi pale mtaro wa hospitali
unapomwagikia Mtkvari,
akachota chupa moja ya uvundo.
Mimi nilishika tochi, na pua.

Dawa ya moto ni moto, naam,
ila nani angedhani yetu inaelea
na maganda ya vitunguu na maji ya deki?

Siku tisa sahani ya kioo ilinyamaza.
Ya kumi, vitundu,
kana kwamba nondo wametafuna shuka:
virusi vimemla mlaji.

Matone sasa, asubuhi na jioni.
Mlangoni karatasi ya Lamzira, mwandiko wa hasira:
Ukiingia, nawa. Ukitoka, nawa.
Hata ukiwa askofu.

Badri anauliza lini atarudi tanurini.
Lamzira anapima ukingo kwa rula ya mwanawe:
umesogea milimita mbili.
Anaandika mbili.
Ananawa.